Milango Miwili ya Chembe ya Damu

Jina la Kalima likitajwa, watu wengi hukumbuka bati. Tangu kampuni ya Symétain ilipoundwa mwaka wa 1932, mji huo wa Maniema, ulioko upande wa mashariki wa Kindu katika wilaya ya Pangi, umejulikana kwa jiwe zito liitwalo kasiterite, ambalo ndani yake bati hutolewa. Kampuni zimepita, majina yamebadilika, lakini kanuni ya kazi ni ileile. Mchanga hupitishwa katika maji yaendayo kasi; jiwe zito hubaki chini, na mchanga mwepesi huchukuliwa na maji. Asiyejua kuchagua, yaani kushika chenye thamani na kuachilia kisichofaa, jioni atarudi nyumbani mikono mitupu.

Basi, wasomaji wapenzi, kazi ya namna hiyo hufanyika usiku na mchana ndani ya mwili wa kila mtu. Tena ile ya mwilini ni ya ajabu zaidi. Mchanga wa mchimbaji una njia moja tu ya kuondoka, nayo ni maji. Chembe ya mwili ina njia mbili za kuondoa kisichofaa. Ya kwanza ni kukila chenyewe ndani kwa ndani. Ya pili ni kukifunga katika vifuko vidogo sana na kukipeleka nje. Wataalamu huiita njia ya kwanza otofajia, na vile vifuko vya njia ya pili huviita eksosomu.

Huenda mtu akauliza: "Mambo ya maabara yananihusu nini mimi, baba wa watoto?" Yanamhusu sana. Nchi yetu ya Kongo ni mojawapo ya nchi za dunia zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa wa selimundu, ule ambao watu wengi huuita "SS". Ugonjwa huo ni wa chembe nyekundu za damu; na hakuna chembe inayoonyesha milango hiyo miwili waziwazi kuliko chembe nyekundu ingali changa. Anayeelewa jinsi chembe inavyosafisha nyumba yake ataelewa vilevile ni madhara gani hutokea usafi huo unapokosekana.

Nyumba ndogo mno

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai, ambazo wanafunzi huziita seli. Ni ndogo hata jicho haliwezi kuziona bila hadubini. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa elfu saba hadi nane za nanomita. Na nanomita moja ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni. Hata hivyo, chembe si tone la uji tu. Ndani yake mna vyumba, majiko, ghala na njia za kupitishia mizigo. Majiko yake huitwa mitokondria. Humo chakula huunguzwa kwa msaada wa oksijeni, ili chembe ipate nguvu ya kufanya kazi.

Kila nyumba inayokaliwa hutoa taka. Majiko huchakaa, protini huharibika, vyombo vya kazi iliyokwisha hubaki bila kazi. Mama wa nyumbani ajua kwamba taka zikilimbikizwa siku nyingi, nyumba haikaliki. Chembe nayo ni vivyo hivyo. Isipoondoa taka zake, huugua; na chembe nyingi zikiugua, mwenye mwili naye huugua.

Mlango wa kwanza: chembe hujila

Jina la otofajia limetungwa kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "kujila mwenyewe". Aliyelitunga alikuwa Mbelgiji, Christian de Duve, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain. Alizaliwa mwaka wa 1917 karibu na London, wazazi wake walipokuwa wamekimbia vita kuu ya kwanza. Akafariki mwaka wa 2013.

Ugunduzi wake ulianza kwa jambo ambalo mtu mvivu angelipuuza. De Duve na wasaidizi wake walikuwa wakichunguza maini ya panya, wakitafuta kujua jinsi mwili unavyotumia sukari. Kimeng'enya kimoja walichokipima kilionekana kuwa dhaifu kuliko walivyotazamia. Wakakiweka katika jokofu. Siku chache baadaye walipokipima tena, kilikuwa na nguvu nyingi. Kimetoka wapi? De Duve akakata shauri kwamba kimeng'enya hicho kilikuwa kimefungiwa ndani ya vifuko, na kwamba vifuko vilipochakaa, ndipo kilipotoka. Mwaka wa 1955 akavipa vifuko hivyo jina la lisosomu. Twaweza kuviita matumbo madogo ya chembe, maana mna asidi na vimeng'enya viwezavyo kuyeyusha karibu kila kitu kilichomo katika chembe. Ndiyo sababu vimefungwa. Moto wa jikoni ni wema ukikaa mekoni.

Mwaka wa 1963, katika mkutano wa wataalamu huko London, de Duve akalitoa jina la otofajia. Mwaka wa 1974 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude, aliyekuwa mzaliwa wa Ubelgiji vilevile, na George Palade.

Kazi yenyewe huendelea hivi. Ndani ya chembe hutokea utando mwembamba uliokunjwa kama kikombe. Utando huo huzunguka kitu kilichochakaa, tuseme jiko bovu, kisha hufunga kinywa chake na kuwa mfuko. Mfuko huo huenda kuungana na lisosomu. Kilichomo huyeyushwa, na vipande vyake hurudishwa kazini kujengea vitu vipya. Fundi mwerevu hafanyi tofauti: hufumua koti kuukuu la baba, akapata kitambaa cha kumshonea mtoto kaptula. Hapotezi kitu.

Kwa miaka mingi wataalamu waliiona kazi hiyo bila kujua inaongozwa na nini. Aliyefungua njia ni Mjapani Yoshinori Ohsumi, aliyeanza maabara yake mwenyewe katika Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka wa 1988. Alichagua kiumbe duni kabisa, yaani chachu. Alizinyima chembe za chachu chakula, akaona mifuko ya otofajia ikijaa ndani yake baada ya saa chache. Kisha akatafuta chachu zisizoweza kufanya hivyo, na mwaka wa 1993 akatangaza kwamba amepata jeni 15 zinazohitajika kwa kazi hiyo. Jeni za namna hizo zimo pia katika mwili wa mtu. Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2016.

Kwa nini njaa iliamsha kujila? Kwa sababu chembe isiyopata kitu kutoka nje hutafuta akiba ndani. Mwaka wa 2004 watafiti wa Japani walionyesha jambo linalogusa moyo wa kila mzazi. Mtoto wa panya anapozaliwa, chakula alichokuwa akipata kwa kitovu hukatika ghafula. Katika saa zile za kwanza, otofajia huongezeka sana mwilini mwake. Wale waliozaliwa bila jeni moja ya kazi hiyo walikufa katika muda wa siku moja hivi. Hivyo kujila kwa chembe si kujiua, ni kujiokoa.

Mlango wa pili: vifuko viendavyo nje

Mlango wa pili ulivumbuliwa katika damu yenyewe. Mwaka wa 1983 maabara mbili za Amerika ya Kaskazini, kila moja kwa upande wake, zilitangaza jambo lilelile. Katika mji wa Montreal, nchini Kanada, Bibi Rose Johnstone na wenzake walichunguza chembe nyekundu changa za kondoo. Katika mji wa Saint Louis, nchini Marekani, kundi la Philip Stahl lilichunguza zile za panya.

Chembe nyekundu changa ina vishikio vingi kwenye ngozi yake vya kukamatia chuma kinachopita katika damu, kwa kuwa bila chuma haiwezi kutengeneza hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni. Chembe ikikomaa, haina haja ya chuma tena, na vishikio vile havionekani. Vimekwenda wapi? Wengi wangedhani vimeliwa na lisosomu. Watafiti waliona vinginevyo. Vishikio vilivutwa ndani, vikafungwa katika vifuko vidogo. Vifuko vingi vikakusanywa katika mfuko mmoja mkubwa. Mfuko huo ukaja hadi kwenye ukuta wa chembe, ukafunguka, na kuvimwaga vifuko vyote nje. Mwaka wa 1987 Bibi Johnstone na wenzake waliviita eksosomu.

Udogo wake wapita kiasi: kila kimoja kina upana wa nanomita 30 hadi 150. Vifuko kama 75 vya nanomita mia mia vikipangwa mstari mmoja, ndipo vitakapofikia upana wa chembe moja nyekundu.

Mwanzoni watu wengi walivihesabu kuwa mapipa ya taka tu. Lakini mwaka wa 1996 ilionyeshwa kwamba chembe fulani za kinga hupeleka eksosomu zinazoweza kuamsha chembe nyingine za kinga. Mwaka wa 2007 watafiti wa Göteborg, nchini Sweden, wakaonyesha kwamba eksosomu hubeba hata maagizo ya urithi yaitwayo RNA, na kwamba chembe inayoyapokea yaweza kuyatumia. Kwa hiyo kifuko kilekile chaweza kuwa taka kwa mtoaji na barua kwa mpokeaji.

Njia panda

Sasa tumefika kwenye shina la jambo letu. Je, milango hii miwili yajuana? Naam, yajuana, na yakutana mahali pamoja.

Ule mfuko mkubwa uliobeba vifuko vingi umesimama kwenye njia panda. Njia moja yaenda kwenye lisosomu. Mfuko ukiifuata, vyote vilivyomo huyeyushwa. Njia ya pili yaenda kwenye ukuta wa nje. Mfuko ukiifuata, vifuko hutoka na kuitwa eksosomu. Zaidi ya hayo, mifuko ya otofajia, ile ibebayo majiko mabovu na taka nyingine, yaweza kuungana na mfuko huo mkubwa kabla haujafika popote.

Mwaka wa 2008 watafiti wa Mendoza, nchini Argentina, wakiongozwa na Bibi María Isabel Colombo, walijaribu jambo hilo katika chembe zinazofanana na zile zizaazo chembe nyekundu. Walizinyima chakula, au wakazipa dawa ya kuamsha otofajia. Matokeo yake ni haya: mifuko mikubwa iliacha njia ya nje, ikaenda kuungana na mifuko ya kujila, na eksosomu zikapungua.

Kinyume chake nacho kimeonekana. Lisosomu zikizuiwa, mara nyingi chembe huongeza vifuko inavyovitoa nje. Mfano wa dawa izuiayo ni klorokwini, ambayo wazee wetu wote waliimeza siku za malaria na wakaujua uchungu wake. Klorokwini huingia katika lisosomu na kupunguza ukali wa asidi yake; pia huzuia mifuko ya taka isiungane nayo. Huo ndio mfano wa familia ambayo shimo lake la taka limejaa. Haina budi kuzitupa nje ya ua.

Lakini tusifikiri kwamba milango hii ni kama sahani mbili za mizani tu, moja ikipanda nyingine ikashuka. Baadhi ya protini zinazofanya kazi ya otofajia zimeonekana zikisaidia pia kupakia mizigo ya vifuko vinavyokwenda nje. Ni ndugu wawili wa nyumba moja: mara wanapokezana, mara wanashika kazi pamoja.

Twaweza kuuliza: kwa nini mlango mmoja usitoshe? Kila mmoja una faida yake. Kujila huokoa mali, maana vipande hutumika tena. Kutoa nje hupoteza mali, lakini huondoa mzigo upesi, hasa lisosomu zisipotosha, na hupeleka habari kwa majirani.

Chembe changa inapojiandaa kwa safari

Tutazame sasa chembe nyekundu inapokomaa. Mwili wa mtu mzima hutengeneza chembe nyekundu zipatazo milioni mbili kila sekunde, ndani ya uboho wa mifupa. Kwanza kila moja hutupa kiini chake, yaani chumba kitunzacho urithi. Hapo huwa chembe changa isiyo na kiini, lakini bado ina mitokondria, vyombo vya kutengenezea protini, na vishikio vya chuma. Katika siku mbili tatu zinazofuata, sehemu uboho ulipo na sehemu katika damu inayozunguka, haina budi kuviondoa vyote hivyo.

Hapo ndipo milango yote miwili hufunguliwa. Mitokondria hupitia mlango wa kujila. Mwaka wa 2007 na 2008 ilionyeshwa katika panya kwamba protini iitwayo NIX ndiyo inayoyatia alama majiko hayo ili yakamatwe; panya wasio na protini hiyo walibaki na mitokondria katika chembe zilizokomaa, nao wakapungukiwa damu. Vishikio vya chuma hupitia mlango wa nje, yaani kwa eksosomu. Kazi ikiisha, chembe ni mfuko laini uliojaa hemoglobini.

Mtu asione hasara katika kuachwa kwa vitu vingi hivyo. Chembe nyekundu ni mchukuzi. Mishipa mingine ni myembamba kuliko chembe yenyewe, na mwenye mizigo mingi hapiti katika mlango mwembamba. Tena mitokondria hutumia oksijeni. Mchukuzi aliyepewa gunia la mtama naye akila njiani kile alichopewa kupeleka, atawafikishia nini wenye njaa? Chembe iliyosafishwa vema husafiri siku zipatazo 120.

Usafi unapokosekana

Ugonjwa wa selimundu ulielezwa kwa mara ya kwanza na daktari wa Marekani, James Herrick, katika mwaka wa 1910. Mwaka wa 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kosa limo katika hemoglobini. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akabainisha kwamba kosa lenyewe ni badiliko la kipande kimoja tu katika protini hiyo. Kwa kosa dogo hilo, hemoglobini iliyokosa oksijeni huganda kuwa nyuzi ngumu, na chembe iliyokuwa laini hupindika kama mundu. Hunasa katika mishipa midogo, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa. Chembe hizo hufa upesi. Haziishi siku 120, bali siku 10 hadi 20 tu.

Sasa uboho, ukiona damu yapungua, hufanya haraka. Hutoa chembe changa nyingi kabla hazijawa tayari. Katika damu ya wagonjwa hao watafiti wameona jambo lisilo la kawaida: chembe nyekundu nyingine zilizokomaa bado zina mitokondria. Mlango wa kujila haukumaliza kazi yake. Majiko hayo yaliyosahauliwa huzaa mabaki makali ya oksijeni, nayo huiunguza chembe kwa ndani, chembe ambayo tangu mwanzo ilikuwa dhaifu.

Jambo hili si chanzo cha ugonjwa. Chanzo ni ile hemoglobini ya urithi. Lakini ni kuni zinazoongezwa juu ya moto. Mwaka wa 2017 watafiti wa Marekani walijaribu katika panya wenye selimundu dawa za kuamsha usafishaji, mojawapo ikiwa ile iitwayo sirolimus, na chembe zilizobaki na mitokondria zikapungua. Hayo ni majaribio ya panya. Si dawa ya kumpa mtoto leo. Lakini yaonyesha kwamba elimu ya milango miwili haikukaa vitabuni tu.

Malaria nayo yapeleka vifurushi

Kwa nini ugonjwa huu umeenea mno katika nchi zetu? Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alitangaza mwaka wa 1954 kwamba mtu mwenye urithi wa selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, yaani "AS", hukingwa kwa kiasi kikubwa asipatwe na malaria kali. Kwa hiyo urithi huo ulidumu pale malaria inapotawala, na misitu ya Maniema ni miongoni mwa makao yake. Lakini yule aliyeurithi kutoka kwa wazazi wote wawili, yaani "SS", hana bahati hiyo. Malaria humwua upesi.

Tena malaria yenyewe imejifunza hila ya vifurushi. Mwaka wa 2013 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba chembe nyekundu zilizovamiwa na vijidudu vya malaria hutoa vifuko vidogo, ndugu wa eksosomu. Kwa vifuko hivyo vijidudu hupelekeana habari kutoka chembe hadi chembe, na kuhimizana kugeuka kuwa wale wanaoweza kubebwa na mbu kwenda kwa mtu mwingine. Adui ameiga desturi ya nyumba aliyoivamia.

Wazazi wafanye nini?

Kwanza, tuondoe lawama. Kuna nyumba ambamo mtoto wa "SS" akiugua mara kwa mara, watu hunong'ona habari za uchawi, na mama hulaumiwa kana kwamba ndiye aliyeleta balaa. Hilo ni kosa na tena ni dhuluma. Mtoto wa "SS" amepokea urithi huo kwa baba na kwa mama, sawasawa. Baba anayemfukuza mke kwa sababu hiyo amesahau sehemu yake mwenyewe. Wazazi wawili wa "AS" wakizaa, katika kila mimba kuna nafasi moja katika nne ya kupata mtoto wa "SS", nafasi mbili za "AS", na nafasi moja ya mtoto asiye na urithi huo kabisa. Kwa hiyo yawafaa vijana kupimwa damu kabla ya ndoa, ili waingie wakijua.

Pili, mtoto mwenye ugonjwa huo apelekwe mapema kwa waganga wa hospitali na aendelee kuonwa. Alale ndani ya chandarua, apate chanjo zote, apewe penisilini ya kumkinga katika miaka ya utoto kama daktari atakavyoagiza, anywe maji kwa wingi. Akipata homa, asingojwe mpaka kesho. Apelekwe siku ileile.

Tatu, tujue kwamba dawa ipo. Haidroksiyurea humfanya mgonjwa atengeneze kwa wingi hemoglobini ya aina ile ya kitoto, ambayo haipindiki. Wengine waliogopa kuitumia Afrika, wakidhani yaweza kuzidisha malaria. Basi watoto 606 wa Kinshasa, wa Kilifi katika Kenya, wa Mbale katika Uganda na wa Luanda katika Angola walipewa dawa hiyo, nayo matokeo yakatangazwa mwaka wa 2019 na Daktari Léon Tshilolo wa Kinshasa pamoja na wenzake. Maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, hata malaria ilipungua. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto mia katika mwaka mmoja. Dawa hiyo yataka uangalizi wa daktari na kupimwa damu mara kwa mara. Haifai kununuliwa sokoni kwa kubahatisha.

Nne, tujihadhari na maneno matamu. Siku hizi wapo wanaotangaza kwamba, kwa kuwa njaa huamsha otofajia, basi kushinda bila chakula na bila maji huponya kila ugonjwa. Ni kweli kwamba njaa iliamsha otofajia katika chachu ya Ohsumi na katika panya wa maabara. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba mtoto wa "SS" ataponywa kwa kunyimwa maji, ni safari ndefu isiyo na daraja. Mwili uliokauka huwa na damu nzito zaidi, na chembe hupindika upesi. Maumivu makali huanza hapo. Hata anayefunga kwa ajili ya ibada ajue kwamba mgonjwa halazimishwi kufunga. Mwenye kumnyima mtoto huyo maji kwa jina la elimu, hakuielewa elimu.

Kila sekunde, katika mifupa ya mtoto anayelala, chembe milioni na zaidi zajitayarisha kwa safari: chakavu zalila ndani, kisichohitajika zakitoa nje. Mwili wa mtoto wa "SS" nao hufanya kazi hiyo, ila hufanya kwa shida na kwa haraka kuliko mwili wa wenzake. Hatuwezi kuingia mle kumsaidia kwa mikono. Lakini chandarua, chanjo, kikombe cha maji na safari ya mapema kwenda kituo cha afya vimo katika uwezo wa baba na mama. Mtoto anayelindwa hivyo hupungukiwa na mashambulio, na damu yake hupata nafasi ya kukomaa.